Mada ya 9: Themokapli na Upimaji wa Halijoto kwa Umeme

Malengo ya mada

Ukimaliza mada hii unapaswa kuwa na uwezo wa:
(a) kueleza sifa ambayo themokapli huitumia kupima halijoto;
(b) kuchora themokapli na kutaja kazi ya kila sehemu;
(c) kueleza jinsi ya kuweka vipimo vya themokapli maabara;
(d) kufanya hesabu za halijoto kutokana na volteji iliyosomwa;
(e) kutaja faida, mapungufu na matumizi ya themokapli.

Mada hii ni fupi, lakini ina mtego mmoja unaowaangusha watahiniwa wengi, hata wale wanaojua kuchora mchoro vizuri. Mtego wenyewe utaukuta katika kipengele cha 9.4. Usikiruke.

9.1 Tuanze na msingi

Joto na halijoto ni vitu viwili tofauti. Joto ni nishati, nasi huipima kwa jouli. Halijoto ni kiwango cha umoto au ubaridi wa kitu, nayo hupimwa kwa nyuzi za selsiasi (°C) au kelvini (K). Ndoo ya maji ya uvuguvugu ina nishati nyingi kuliko kikombe kimoja cha chai inayochemka, lakini halijoto ya chai ni kubwa zaidi.

Hakuna kifaa kinachoiona halijoto moja kwa moja. Kila kipimajoto hutazama kitu kingine kinachobadilika pamoja na halijoto. Kitu hicho tunakiita sifa ya kupimia. Angalia mifano:

- Kipimajoto cha zebaki: urefu wa safu ya zebaki ndani ya mrija.
- Kipimajoto cha gesi ya ujazo usiobadilika: kanieneo ya gesi.
- Kipimajoto cha ukinzani: ukinzani wa waya wa platinamu.
- Themokapli: volteji inayotokea katika sakiti ya metali mbili tofauti.

Sifa nzuri ya kupimia iwe na mambo matatu: ibadilike kwa kiasi kinachoweza kupimika, ibadilike mfululizo, na kila halijoto iwe na thamani yake moja tu. Shika hilo la tatu, tutalihitaji katika kipengele cha 9.6.

9.2 Kwa nini tusitumie zebaki kila mahali?

Swali hili hutokea mara kwa mara, na jibu lake ni la namba. Zebaki huganda kwenye takribani −39 °C na huchemka kwenye takribani 357 °C. Alkoholi (ethanoli) huchemka kwenye takribani 78 °C. Kioo chenyewe hulainika kabla hujafika mbali.

Sasa fikiria tanuri la kiwanda cha saruji, kama vile vilivyopo Wazo Hill, Dar es Salaam. Ili mawe ya chokaa na udongo vigeuke klinka, mchanganyiko huo lazima ufikie takribani 1450 °C. Ukiingiza kipimajoto cha zebaki humo, hutakitoa tena. Halijoto ikipungua, klinka haikomai na saruji itakuwa dhaifu. Ikizidi, mafuta yanapotea bure na matofali ya ndani ya tanuri yanaharibika. Kwa hiyo ni lazima kujua halijoto, tena kutoka mbali. Katika mazingira ya namna hiyo ndipo themokapli hutumika.

9.3 Muundo na utendaji kazi wa themokapli

Mwaka 1821 mwanasayansi Thomas Johann Seebeck aliunganisha metali mbili tofauti zikafanya kitanzi, kisha akapasha joto kiungo kimoja. Sindano ya dira iliyokuwa karibu iligeuka. Seebeck alidhani joto limezalisha usumaku. Mwenzake Ørsted, ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa amegundua kwamba mkondo wa umeme hugeuza sindano ya dira, ndiye aliyeeleza kwamba kilichopita katika kitanzi kile ni mkondo wa umeme. Hata hivyo tukio hilo linaitwa athari ya Seebeck hadi leo.

Themokapli rahisi ina sehemu hizi:

- Nyaya mbili za metali tofauti, kwa mfano shaba na konstantani (aloi ya shaba na nikeli).
- Kiungo moto, yaani mahali nyaya hizo zinapokutana na ambapo huwekwa kwenye kitu kinachopimwa.
- Kiungo baridi, ambacho huwekwa kwenye halijoto inayojulikana, kwa kawaida barafu safi inayoyeyuka (0 °C).
- Milivoltimita, au galvanomita nyepesi, ya kusoma volteji.

Jinsi ya kuchora: chora waya wa konstantani katikati. Kila ncha yake iunganishe na waya wa shaba. Sasa una viungo viwili. Kimoja kichore ndani ya bika ya barafu inayoyeyuka, kingine ndani ya kitu cha moto. Ncha mbili za shaba zilizobaki zipeleke kwenye milivoltimita. Andika jina la kila sehemu. Mchoro usio na majina haupati alama kamili.

Kwa nini volteji inatokea? Ndani ya metali kuna elektroni huru. Upande wenye joto, elektroni hizo huwa na nishati kubwa zaidi, hivyo nyingi husambaa kuelekea upande wa baridi. Kwa sababu hiyo hutokea tofauti ndogo ya volteji kati ya ncha mbili za waya. Kila metali hufanya hivyo kwa kiasi chake. Ukiunganisha metali mbili tofauti, viasi hivyo haviwi sawa, na ile tofauti inayobaki ndiyo milivoltimita inayoisoma.

Kutokana na maelezo hayo, majibu mawili yanakuja yenyewe:

(i) Nyaya zote mbili zikiwa za metali ileile, viasi vinakuwa sawa na kufutana. Milivoltimita itasoma sifuri, hata ukikipasha kiungo kimoja mpaka kiwe chekundu.

(ii) Viungo vyote viwili vikiwa kwenye halijoto moja, milivoltimita itasoma sifuri pia, hata kama vyote vimo katika maji yanayochemka.

9.4 Jambo linalowaangusha wengi

Soma sentensi hii mara mbili: themokapli haipimi halijoto ya kiungo moto, inapima tofauti ya halijoto kati ya kiungo moto na kiungo baridi.

Kiungo baridi kikiwa 0 °C, tofauti hiyo inalingana kwa namba na halijoto ya kiungo moto, ndiyo maana wengi hawaioni shida. Mtunga mtihani akiandika "kiungo baridi kiko kwenye halijoto ya chumba, 27 °C", anakuuliza kama umelielewa jambo hili. Anayesahau kujumlisha 27 hupoteza alama ya jibu la mwisho.

Kanuni ya kutumia pale ambapo volteji inawiana na tofauti ya halijoto ni hii:

V = k × (T₁ − T₂)

ambapo V ni volteji kwa milivolti, T₁ ni halijoto ya kiungo moto, T₂ ni halijoto ya kiungo baridi, na k ni wepesi wa themokapli, yaani milivolti zinazoongezeka kwa kila nyuzi 1.

Katika vifaa vya kisasa vyenye skrini ya namba, hakuna anayebeba barafu kiwandani. Ndani ya kifaa kuna kipimajoto kingine kidogo kinachosoma halijoto ya mahali nyaya zinapoingia, kisha kifaa hujumlisha chenyewe. Hesabu ni ileile, tofauti ni kwamba inafanywa na mashine badala yako.

9.5 Jaribio: kuweka vipimo vya themokapli

Lengo: kupata grafu itakayogeuza volteji kuwa halijoto.

Vifaa: waya wa konstantani, nyaya mbili za shaba, milivoltimita, bika mbili, barafu safi, maji, kipimajoto cha zebaki cha 0 hadi 110 °C, kikorogeo, kichomeo na msasa.

Hatua:
1. Safisha ncha za nyaya kwa msasa, kisha sokota kila ncha ya konstantani pamoja na ncha moja ya waya wa shaba.
2. Unganisha ncha za shaba zilizobaki kwenye milivoltimita.
3. Weka kiungo kimoja katika barafu inayoyeyuka. Hakikisha barafu inabaki hadi mwisho wa jaribio.
4. Weka kiungo cha pili katika bika ya maji, karibu na tungi la kipimajoto cha zebaki.
5. Pasha maji polepole huku ukikoroga. Kwa kila ongezeko la 20 °C, ondoa moto kidogo, koroga, kisha soma halijoto na volteji kwa wakati mmoja.
6. Chora grafu: volteji kwenye mhimili wima, halijoto kwenye mhimili mlalo.

Kwa themokapli ya shaba na konstantani, kiungo baridi kikiwa 0 °C, matokeo yanapaswa kukaribia haya:

0 °C: 0.00 mV
20 °C: 0.79 mV
40 °C: 1.61 mV
60 °C: 2.47 mV
80 °C: 3.36 mV
100 °C: 4.28 mV

Angalia vizuri. Nyuzi 20 za kwanza zimeongeza 0.79 mV, nyuzi 20 za mwisho zimeongeza 0.92 mV. Maana yake grafu si mstari mnyoofu kabisa, imejipinda kidogo. Usilazimishe rula. Chora mpindo laini unaopita kwenye nukta zako.

Kwa nini tunakoroga? Ili halijoto ya maji iwe sawa kila mahali, na kiungo kisome kile kile ambacho kipimajoto cha zebaki kinasoma. Sababu hiyo ina alama yake, iandike.

Mfano wa 1

Mwanafunzi amepima nukta mbili tu: 0.00 mV kwenye 0 °C na 4.28 mV kwenye 100 °C. Akachukulia kwamba grafu ni mstari mnyoofu. Themokapli ikasoma 2.47 mV. (a) Amepata halijoto gani? (b) Linganisha na jedwali hapo juu.

Suluhisho:
(a) T = (2.47 ÷ 4.28) × 100 = 57.7 °C
(b) Jedwali linaonesha kwamba 2.47 mV ni 60 °C. Amekosea kwa 2.3 °C, kwa sababu volteji haiwiani na halijoto kikamilifu.

Kidokezo: katika mtihani, swali likisema "chukulia kwamba volteji inawiana na tofauti ya halijoto", tumia uwiano bila wasiwasi. Swali likikupa grafu, soma kwenye grafu.

Mfano wa 2

Themokapli ya kromeli na alumeli ina wepesi wa 0.041 mV kwa kila nyuzi 1. Kiungo baridi kiko kwenye halijoto ya chumba, 27 °C. Milivoltimita inasoma 20.5 mV. Tafuta halijoto ya tanuri.

Suluhisho:
V = k (T₁ − T₂)
20.5 = 0.041 × (T₁ − 27)
T₁ − 27 = 20.5 ÷ 0.041 = 500
T₁ = 500 + 27 = 527 °C

Ukiandika 500 °C umetaja tofauti ya halijoto, hujataja halijoto ya tanuri.

Mfano wa 3

Wanafunzi wa shule moja jijini Nairobi wanaweka vipimo vya themokapli yao kwa barafu na maji yanayochemka. Mji huo uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hivyo kanieneo ya hewa ni ndogo na maji huchemka kwenye takribani 94 °C. Kiungo baridi kikiwa 0 °C, maji yanayochemka yanatoa 3.76 mV. Baadaye mafuta ya moto yanatoa 7.52 mV. Chukulia volteji inawiana na tofauti ya halijoto. Tafuta halijoto ya mafuta (a) kama watadhani maji yamechemka kwenye 100 °C. (B) kama watatumia 94 °C.

Suluhisho:
(a) k = 3.76 ÷ 100 = 0.0376; T = 7.52 ÷ 0.0376 = 200 °C
(b) k = 3.76 ÷ 94 = 0.04; T = 7.52 ÷ 0.04 = 188 °C

Jibu sahihi ni 188 °C. Kosa la nyuzi 6 kwenye maji limekuwa kosa la nyuzi 12 kwenye mafuta. Jifunze hapa: maji huchemka kwenye 100 °C pale tu kanieneo ya angahewa inapokuwa ya kawaida, yaani mm 760 za zebaki. Mtahiniwa wa Tanga au Mombasa anaweza kusahau hilo asidhurike. Wa nyanda za juu hawezi.

9.6 Kuchagua jozi ya metali

Si kila jozi inafaa kila kazi. Jozi zinazotumika sana ni hizi:

- Shaba na konstantani: takribani −200 hadi 350 °C. Inafaa maabara na kwenye majokofu.
- Chuma na konstantani: hadi takribani 750 °C. Hutoa volteji kubwa kiasi, takribani 0.05 mV kwa nyuzi 1, lakini chuma hupata kutu.
- Kromeli na alumeli: hadi takribani 1250 °C. Ndiyo jozi inayotumika zaidi viwandani. Kromeli ni aloi ya nikeli na kromi. Alumeli ni aloi ya nikeli yenye alumini kidogo.
- Platinamu na aloi ya platinamu na rodiamu: hufaa kwa halijoto inayozidi 1400 °C. Ni ghali, na volteji yake ni ndogo, takribani 0.01 mV kwa nyuzi 1.

Shaba na chuma ni jozi ya pekee. Kiungo baridi kikiwa 0 °C, volteji hupanda mpaka kiungo moto kinapofika takribani 270 °C, kisha huanza kushuka, na kwenye takribani 540 °C hurudi sifuri. Halijoto ile ya 270 °C, ambako volteji ni kubwa kabisa, inaitwa halijoto kati. Sasa rudi kwenye kipengele cha 9.1. Sifa nzuri ya kupimia lazima itoe thamani moja kwa kila halijoto. Hapa volteji moja inaweza kumaanisha halijoto mbili tofauti. Kwa hiyo jozi hii haifai kupima halijoto inayovuka halijoto kati.

9.7 Faida, mapungufu na matumizi

Faida:
1. Hupima halijoto katika mawanda mapana, kutoka chini sana hadi juu sana.
2. Kiungo ni kidogo, huchukua joto kidogo na huitikia haraka. Hivyo kinafaa kupima halijoto inayobadilikabadilika na halijoto ya mahali padogo.
3. Msomaji anaweza kukaa mbali na tanuri, kwa kuwa nyaya hupeleka volteji.
4. Volteji inaweza kurekodiwa au kuendesha kifaa kingine.

Mapungufu:
1. Volteji ni ndogo sana, huhitaji mita nyepesi.
2. Halijoto ya kiungo baridi lazima ijulikane.
3. Volteji haiwiani na halijoto kikamilifu.
4. Usahihi wake si mkubwa sana. Kwa themokapli ya kawaida ya kromeli na alumeli, kosa la takribani 2 °C linakubalika. Kwenye tanuri la 1000 °C hilo ni dogo. Kwa mgonjwa, 37 °C na 39 °C ni tofauti ya mtu mzima wa afya na mwenye homa kali. Kwa hiyo kipimajoto sahihi cha hospitali hakiwezi kubadilishwa ovyo na themokapli.

Matumizi: matanuri ya saruji, chuma na vyungu; gesi za moto zitokazo kwenye injini za ndege; na usalama wa jiko la gesi.

Hilo la mwisho liko jikoni kwenu huenda. Katika majiko yenye kinga, pembeni mwa kichomeo kuna ncha ndogo ya metali inayoguswa na mwali. Hiyo ni themokapli. Moto ukiwaka, hutoa takribani 20 hadi 30 mV, na mkondo wake hushikilia wazi vali ya gesi kwa sumakuumeme. Upepo ukizima moto, ncha hupoa, volteji hushuka, sumakuumeme huachia, na springi hufunga gesi. Hakuna betri wala umeme wa ukutani. Majiko mengi ya bei nafuu hayana kinga hiyo: moto ukizimika, gesi huendelea kutoka mpaka mtu aigundue kwa harufu. Ukiulizwa "taja kifaa kimoja cha nyumbani na ueleze utendaji wake", mlolongo huu wa hatua ndio unaotakiwa.

9.8 Makosa ya watahiniwa ya kuepuka

- Kuandika kwamba themokapli "hupima joto". Hupima tofauti ya halijoto.
- Kuchora nyaya zote mbili bila kutaja kwamba ni metali tofauti.
- Kuandika "barafu" tu. Andika "barafu safi inayoyeyuka". Barafu iliyotoka sasa hivi kwenye friza inaweza kuwa chini ya 0 °C.
- Kuchanganya milivolti na volti. 20.5 mV ni 0.0205 V.
- Kusahau kujumlisha halijoto ya kiungo baridi.

9.9 Maswali ya kujipima

Yajibu kwa kalamu kabla ya kuangalia majibu.

1. Taja sifa ya kupimia ya themokapli. (alama 1)
2. Eleza kwa nini kipimajoto cha zebaki hakifai kupima halijoto ya 700 °C. (alama 2)
3. Themokapli yenye wepesi wa 0.041 mV kwa nyuzi 1 imewekwa kwenye tanuri la matofali lenye 885 °C. Kiungo baridi kiko 25 °C. Milivoltimita itasoma ngapi? (alama 3)
4. Mwanafunzi ametengeneza "themokapli" kwa nyaya mbili za shaba. Eleza atakachosoma na sababu yake. (alama 2)
5. Wakati wa jaribio, barafu yote imeyeyuka na maji yake yamefika 15 °C bila mwanafunzi kugundua. Kiungo moto kiko 80 °C. Usomaji wake wa halijoto utakuwa mkubwa au mdogo kuliko ilivyo kweli? Toa sababu. (alama 3)

Majibu

1. Volteji inayotokea kati ya metali mbili tofauti wakati viungo vyake viko kwenye halijoto tofauti.
2. Zebaki huchemka kwenye takribani 357 °C, hivyo ingegeuka mvuke kabla ya kufika 700 °C.
3. Tofauti = 885 − 25 = 860 °C. V = 0.041 × 860 = 35.26 mV.
4. Atasoma sifuri. Metali ni zilezile, hivyo volteji za nyaya mbili zinafutana.
5. Utakuwa mdogo. Tofauti ya halijoto sasa ni 65 °C badala ya 80 °C, hivyo volteji imepungua. Mwanafunzi anayeamini kiungo baridi kiko 0 °C atapata takribani 65 °C.

Ukikosa swali la 3 au la 5, rudi kipengele cha 9.4 kabla ya kufungua mada ya 10.